Macho Yetu: Mgonjwa hatoki nje, macho yake tutayapimaje?

Meseji nyingi za mwezi huu zinahusu mtu aliye ndani. Mama hawezi ngazi, babu kalala, dada haonekani nje. Na karibu wote wameandika kana kwamba macho ya mtu huyo ndo basi tena. Hapana jamani, sio basi. Yapo ya kufanya hapo hapo kitandani, yapo yanayotaka hospitali, na kazi yangu leo ni kuwaonyesha mpaka uko wapi, ili kama mgonjwa atatolewa nje mara moja tu mwaka huu basi hiyo mara moja iwe na maana.

Shikamoo dada nesi. Mama yangu ana miaka 71, alipata stroku mwaka juzi, upande wa kushoto umelegea. Tunakaa Temeke ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Siku hizi anasema haoni vizuri, Qur'an yake hasomi tena, na chakula kila siku anabakiza nusu ya sahani, tukimwambia mama kula anasema nimemaliza. Kuna kijana kapita na begi la miwani, anasema atampima hapo hapo na pia ana matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho. Tumpe? Na kweli kuna watu wanapima macho nyumbani? – Binti wa Temeke

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera kwa kumlea mama. Naanza na hiyo sahani kwa sababu imenishtua kuliko vyote. Angalia anabakiza upande gani. Kama ni kushoto kila siku, mzungushie sahani bila kusema kitu uone, akianza kula tena basi mama hajashiba, ni kwamba ile nusu alikuwa haioni kabisa. Stroku ikipiga ubongo upande wa kulia inaweza kuchukua uoni wa kushoto wa macho yote mawili, na mtu mwenyewe hajui, kwake dunia inaishia hapo katikati.

Pima hivi. Kaa mbele yake karibu mita moja, mwambie aangalie pua yako asihamishe macho, kisha nyanyua mikono yako huku na huku utikise kidole kimoja kimoja, mara kulia mara kushoto, aseme kipi kinacheza. Akikosa upande mmoja kila mara, jibu umelipata, na daktari wake wa stroku aambiwe. Miwani haitarudisha hiyo nusu, usikubali mtu akuuzie kwa ahadi hiyo. Kinachosaidia ni kumzoesha kugeuza kichwa kuelekea kushoto, na maji, simu, dawa viwekwe kulia anakoona. Qur'an nayo, mstari unaanzia kulia unakwenda kushoto, yaani unakimbilia kule kule asikoona, ndo maana anapotea katikati ya aya. Weka utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, mwambie mama usihame mstari mpaka uone wekundu. Anza na msahafu wa herufi kubwa.

Sasa kijana wa begi. Matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho hayapo, mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji na kuwekewa lenzi mpya ndani. Matone usiyoyajua yanaweza kuwa na dawa za jamii ya steroidi ambazo zikitumika ovyo zinapandisha presha ya macho, na hizo hizo zinaweza kuleta huo mtoto wa jicho mnaotaka kuuyeyusha. Msimpe. Miwani ya kusomea ya duka au ya barabarani mimi siipigi vita kwa mtu ambaye macho yake yameshaangaliwa, baada ya miaka 40 hivi karibu kila mtu anaihitaji, ila kwa mama yako sio hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni nyie wenyewe. Mchana, dirisha wazi, simama hatua tatu kubwa kutoka kitandani, mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, umuonyeshe vidole viwili, vinne, kimoja, avihesabu. Kisha jicho la pili. Familia nyingi zinagundua hapo kuwa jicho moja lilishaondoka zamani na hakuna aliyejua kwa sababu la pili lilikuwa linabeba kazi. Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake zuri halifikii kuhesabu vidole mita 3, kwa hiyo akishindwa macho yote mawili hilo sio la uzee la kuvumilia, ni la kupiga simu kesho asubuhi.

Halafu chukua kipande cha boksi la dawa, toboa katikati kwa sindano nene tundu moja dogo, mwangalize kupitia hapo kitu cha mbali, kalenda ya ukutani inatosha. Akiona vizuri zaidi kuliko bila boksi, kuna uwezekano mkubwa shida yake inatibika kwa miwani. Isipobadilika, au ikawa mbaya zaidi, tatizo huenda liko ndani, mtoto wa jicho au pazia la nyuma ya jicho (retina, linalopokea picha), na hapo hata upimiwe miwani mara kumi utapoteza hela.

Kuhusu wanaokuja nyumbani, wapo lakini kwetu bado sio huduma iliyoenea, mara nyingi inabidi uombe. Piga simu idara ya macho ya hospitali ya rufaa iliyo karibu au hospitali kama CCBRT pale Msasani, waulize kama wana mtaalamu wa optometria, yaani wa kupima macho na miwani, anayetembelea wagonjwa, au lini wana kambi ya macho karibu nanyi. Akija wa binafsi muulize leseni ya Baraza la Optometria, na bei ya kuja aitaje kando na bei ya miwani. Mtu wa kweli utamjua kwa alivyobeba: fremu ya majaribio na boksi la lenzi, tochi ya kuangalia ndani ya jicho, kifaa cha mkononi cha kupima presha ya macho, na retinoskopu. Hiyo retinoskopu ndo naipenda kwa wagonjwa wa stroku. Anammulika mwanga mwembamba, anautazama unavyotembea ndani ya mboni, anabadilisha lenzi mpaka utulie, na namba ya miwani inapatikana bila mgonjwa kusema neno. Kwa hiyo msiniambie mama haongei vizuri hawezi kupimwa.

Wakisema ni mtoto wa jicho, kabla hamjamshusha ngazi tatu ulizeni kwa simu kama vipimo vyote vinaweza kufanyika siku moja, na waambieni kama anaweza kulala chali nusu saa bila kukosa pumzi maana upasuaji wenyewe ni mfupi na ganzi ni ya jicho tu, lakini lazima atulie. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko.

Habari dada. Tupo Leicester, mama amehamia kwetu kutoka Unguja, ana miaka 68, magoti hayamruhusu na peke yake hatoki kabisa, Kiingereza hajui. Nimesikia huku wanakuja nyumbani kupima macho bure, ni kweli au wanakuja kuuza miwani? – Kaka wa Leicester

Kweli kabisa kaka. Uingereza kwa upande wa England kila aliyetimiza miaka 60 anapimwa macho bure na NHS, huduma ya afya ya serikali, na kama hawezi kutoka nyumbani peke yake kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, wa mwili au wa akili, basi anafuatwa nyumbani bure vilevile. Scotland kupima ni bure kwa kila mkazi. Huhitaji barua ya GP, daktari wenu wa mtaani, unapiga simu moja kwa moja kwa kampuni za macho zenye mkataba wa kutembelea majumbani, unaeleza kwa nini hatoki.

Miwani ni hesabu nyingine. Kuna vocha kwa wanaopata baadhi ya misaada ya serikali, wengine wanalipa. Ila akimaliza kupima ni lazima awaachie karatasi ya vipimo na hamlazimiki kununua kwake, kwa hiyo usiogope kusema asante tutafikiria. Mwandalie chumba chenye pazia linaloweza kuleta giza, soketi karibu, miwani yake ya zamani hata kama imevunjika, na majina ya dawa. Kuhusu lugha, waombe mkalimani au kaa wewe, na mwambie atumie chati ya E ambapo mama anaonyesha tu kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Na kama kwenu kuna mtu wa damu mwenye presha ya macho, baba, dada, yeyote, litaje mwanzoni kabisa, ugonjwa huo unatembea kwenye ukoo na unakula pembeni ya uoni kimya kimya, na kilichoenda hakirudi.

Daktari, guka (babu) wetu ako na miaka 84, tuko Njoro, haoni vizuri kwa muda mrefu. Sasa ameanza kusema anaona watoto wamekaa kwa kiti, wamevaa nguo za rangi, hawaongei. Shosho (bibi) analia anasema ni mapepo, majirani wanasema amechanganyikiwa. Yeye mwenyewe anatuambia pole pole "najua hawapo." Tumpeleke kwa nani? – Mjukuu

Mimi ni nesi sio daktari, lakini hili nalijua na nimefurahi umeliandika kwa sababu wazee wengi wananyamaza nalo wakiogopa kuitwa vichaa. Hayo maneno yake, najua hawapo, yashikeni sana. Macho yakififia ubongo unakosa picha za kupokea na unaanza kutengeneza zake mwenyewe, watu, watoto, maua, nyumba, bila sauti. Mswisi mmoja Charles Bonnet aliyaandika mwaka 1760 baada ya babu yake mwenye mtoto wa jicho kuona watu na ndege na magari ya farasi huku akili yake ikiwa nzima, na hali hii inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sio mapepo, mwambieni shosho, na mkae na guka mumwambie pia kwamba mnamuamini. Wakitokea awashe taa, apepese macho, aangalie kushoto na kulia mara kadhaa, mara nyingi wanaondoka.

Kama anasikia sauti pia, au anaamini wapo kweli na anabishana nao, au imeanza ghafla pamoja na homa au kupotewa na siku, hapo ni hospitali haraka, ni kitu kingine.

Na macho yenyewe yapimwe! Hapo hapo Nakuru ndipo kipimo cha simu cha Peek kilijaribiwa kwa watu wa miaka 55 kwenda juu, mpaka majumbani mwao, matokeo yakachapishwa 2015 na yalikaribiana na chati ya kawaida. Mgonjwa anaonyesha E imeelekea wapi, anayempima anatelezesha kidole bila hata kuangalia skrini. Muulizeni mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea boma lenu awaunganishe na kliniki ya macho. Ikiwa ni mtoto wa jicho, akifanyiwa upasuaji na uoni ukarudi, mara nyingi na wale watoto wanaacha kuja.

Dada, mie niko Kisauni, miaka 27, huu mwaka wa tatu sitoki nje, moyo unanienda mbio nikifika mlangoni. Miwani yangu ni kali, minasi nane. Tangu juzi jicho la kulia naona madoa meusi mengi na kama radi pembeni. Nataka mtu aje anipime nyumbani. – Bila jina

Hili nilikujibu siku ile ile na ninaliweka hapa kwa ajili ya mwingine aliye ndani kama wewe. Mwanangu, hofu yako ni ugonjwa wa kweli na kupimiwa miwani nyumbani ni haki ya kuomba, lakini hili sio la nyumbani. Radi na madoa mapya, hasa kwa mwenye minasi kubwa, yaani asiyeona mbali bila miwani kali, inaweza kuwa pazia la nyuma ya jicho linachanika. Likiwa ni tundu tu linazibwa kwa leza, likishabanduka ni upasuaji mkubwa, na hakuna begi la mtu yeyote lenye kifaa cha kulitibu. Inabidi utiwe matone ya kutanua mboni na aangalie daktari wa macho, leo.

Tufanye iwe nyepesi. Mtu unayemuamini apige simu kwanza kitengo cha macho, hospitali ya Coast General au kliniki ya macho iliyo karibu, aseme dalili hizo kwanza, kisha aseme mgonjwa ana hofu kali naomba asikae foleni. Gari lije mpaka mlangoni, ukae kiti cha nyuma na mtu wako, buibui na nikabu ukitaka, macho yafumbwe njia nzima kama inasaidia. Usiwe peke yako kwa sababu baada ya matone utaona ukungu kwa saa kadhaa. Ukiona kama pazia jeusi linashuka au linapanda upande mmoja, usingoje hata hiyo simu, nendeni. Miwani na hofu ya mlangoni tutavishughulikia baadaye, nimeshakuandikia namba ya mshauri anayesikiliza kwa simu.