Shahidi wa kijijini anaweza kufichwa jina?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko wilaya ya Uvinza. Watu wenye mapanga waliwavamia wenzetu waliokuwa doria katika msitu wa kijiji, wawili wakakatwa vibaya. Baba yangu mdogo aliona, na polisi wameshamwandika maelezo. Washtakiwa wako nje kwa dhamana na tunapishana nao njiani. Yeye ni Mtongwe, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mahakama inaweza kumficha jina?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sheria, inaweza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuomba, bila washtakiwa kuwepo, amri ya kuficha jina na makazi ya shahidi, kuzuia nyaraka zinazoweza kumtambulisha, au ushahidi utolewe kwa video. Angalia anayeomba ni nani: si baba yako mdogo. Mlango wenu ni mpelelezi, kisha wakili wa serikali. Wahini, maana upande wa utetezi ukishapewa nakala ya maelezo yake, hakuna tena cha kuficha.

Ila nikuulize: hapo kwenu nani hajui aliyekuwa msituni siku ile? Shahidi akianza tu "nilikwenda kukagua mizinga yangu nikasikia kelele", kijiji kizima kinajua mizinga ile ni ya nani. Amri hiyo naiona inasaidia zaidi mjini.

Mimi nguvu ningeiweka kwenye dhamana. Kila kitisho, hata cha maneno, kiripotiwe polisi mpate namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni, kisha wakili wa serikali apelekewe aombe masharti: wasimsogelee shahidi, wasikanyage kitongoji chake, au dhamana ifutwe. Kumwingilia shahidi ni kosa jipya kabisa chini ya Kanuni ya Adhabu, na ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015, inayokataza kulipiza kisasi. Wengi huharibu hapa: kitisho kinaishia kwa mwenyekiti wa kijiji, kinasuluhishwa kwa kuku na pombe, hakimu hapati habari.

Lingine ni gumu kuliandika. Sheria ya Ushahidi inaruhusu, kwa masharti, maelezo ya maandishi ya shahidi aliyefariki au asiyepatikana yapokelewe mahakamani. Uzito wake ni mdogo kwa kuwa hakuhojiwa na utetezi, lakini anayefikiri akimwondoa mzee kesi imekufa anakosea, na si vibaya akalijua hilo. Kwa hiyo hakikisheni maelezo yale alisomewa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba. Kama hakusomewa, aombe kuandika ya nyongeza.

Jiandaeni pia kwa muda. Kule Peru, Edwin Chota na wenzake watatu wa jamii ya Ashéninka, kijiji cha Saweto, waliuawa Septemba 2014 baada ya kuwaripoti wakata magogo kwa miaka. Alikuwa ameshasema anatishwa. Hukumu ya kifungo cha zaidi ya miaka 28 ilitoka 2024, na muda wote huo wajane walikuwa wakisafiri kwa mto kwenda mahakamani. Ulinzi wa wiki mbili hausaidii kesi ya namna hiyo.

Siku ya wito, asisafiri peke yake wala asipande basi la asubuhi ambalo kila mtu hupanda. Nimewahi kuwa na shahidi aliyekaa kiti kimoja na kaka wa mshtakiwa njia nzima. Alipofika kizimbani hakukumbuka kitu. Mwambieni wakili wa serikali mapema, afike Kigoma siku moja kabla.

Na mkalimani: mahakama zetu zinatumia Kiswahili, ila ana haki ya kueleza kwa Kitongwe. Ulizeni mapema mkalimani ni nani. Watongwe si wengi, na akiwa shemeji wa mshtakiwa, pingeni kabla hajaapishwa.