Umetuma Pesa kwa Nambari Isiyo Sahihi? Usimpigie Mpokeaji Kwanza

Msomaji ameniandikia kutoka Nakuru. Alituma shilingi 8,500 za karo kwa M-Pesa, akakosea tarakimu moja, naye aliyezipokea akazima simu. Siku tatu nzima amekuwa akimbembeleza kwa meseji. Siku tatu, ndugu zangu! Pesa hizo zingeweza kuzuiliwa ndani ya dakika chache.

Ukikosea, usianze kwa kumpigia mpokeaji, maana utakuwa umemwamsha akimbilie kwa wakala. Chukua ile meseji ya muamala, nzima kama ilivyokuja, uitume kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba muamala wa M-Pesa ubatilishwe. Pesa zikikutwa bado zimo kwenye laini yake, huzuiliwa ombi lako likishughulikiwa. Akiwa ameshazitoa, hakuna cha kuzuia.

Wengi hukata tamaa hapo, na sheria bado iko upande wao. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inasema anayeficha au kuzuilia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa ametenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nenda kituo cha polisi na meseji hiyo, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha polisi cha kuandikia matukio.

Mwenye kosa akiwa kampuni ya huduma ya pesa au wakala wake, njia ni nyingine. Kanuni za Mfumo wa Kitaifa wa Malipo za 2014 zinakupa siku 15 tangu tukio kuwasilisha malalamiko, na kampuni siku 60 kuyatatua. Watu hupotezea haki yao hapa: wanapiga simu, wanaambiwa "tunashughulikia", wanakata. Dai nambari ya malalamiko. Andika tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia, kwa sababu ukifika mikono mitupu Benki Kuu ya Kenya, inayosimamia kampuni hizi, huna cha kuonyesha kwamba ulilalamika kwa wakati. Na ukiambiwa "huyo ni wakala tu", usikubali: kampuni inawajibika kwa anayofanya wakala akiifanyia kazi.

Nawe ukipigiwa na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio kwanza. Meseji za uongo ni nyingi. Hata zikiwemo, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie atume meseji yake kwa 456. Ukimtumia, kisha muamala wake wa kwanza ubatilishwe, umelipa mara mbili.