Mwanangu, Huko Pangani Wewe Si Mgeni

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam na mume wangu, ambaye kwao ni Pangani. Mwezi ujao mdogo wake wa mwisho anaolewa huko huko kwao. Nimekuta kwenye simu yake ametuma laki nane za harusi bila kuniambia, na ada ya mtoto wetu mkubwa bado hatujamaliza. Mwaka juzi, kwenye harusi ya binamu yake, aliniambia, tukagombana mpaka akapunguza. Mawifi zangu wameshona sare. Picha ya kitambaa waliituma kwenye kundi la familia ambalo mimi nilishajitoa, na hakuna aliyenipigia. Mama mkwe hanipendi. Mara ya mwisho tulipokwenda, arobaini ya baba mkwe mwaka jana, alinioshesha masufuria mpaka usiku huku wageni wengine wamekaa barazani wanakunywa chai. Hujifanya ananijali, mara atume ndoo ya nazi na samaki wa kukaanga kwa konda wa basi, lakini watoto wangu hawajazoea vitu hivyo, huwa nagawia majirani. Nimemwambia mume wangu aende peke yake, au twende asubuhi ya harusi, tulale gesti, kesho yake turudi. Tangu siku hiyo amenyamaza, wiki ya pili sasa. Anakula na kulala tu. Rafiki zangu wananiambia nisijipeleke nisikotakiwa. Nina kosa gani, Shangazi?"

Mama Wawili, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kimya hicho, nyumba isiyo na mazungumzo haikaliki. Pole yenyewe iishie hapo, kwa sababu umeuliza una kosa gani na mimi nitakujibu.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia namwona mama mkwe ambaye siye yule unayenisimulia. Unasema hakupendi, na ushahidi ulioleta ni masufuria. Haya, tuyatazame hayo masufuria. Kwenye arobaini wageni hutandikiwa mkeka, huletewa chai na maandazi, dua ikiisha huaga wakaenda zao. Wanaobaki uani usiku, wamefunga kanga kiunoni, wanasugua masizi kwa majivu na kumbi la nazi, ni wenye nyumba: mabinti, wake wa watoto, wapwa. Mkwe asiyekutaka angekupa kiti. Angekwambia, "Kaa mama, wewe mgeni, utachafua nguo zako," na hapo ungekaa mpaka saa ya safari, na uani mzima ungejua kuwa wewe si wa pale. Yule mama alikuwa amefiwa na mumewe, yuko kwenye eda, majonzi bado mabichi, na bado akakuweka katika kundi la wanawe. Wewe ukaondoka na kinyongo. Halafu umeniandikia wageni waliokunywa chai, mawifi zako hukuniandikia walikuwa wapi. Wangekuwa wamekaa barazani, ungeniambia mstari wa kwanza kabisa. Walikuwa na wewe uani, au sivyo?

Na ile ndoo. Unaijua kazi ya kuituma? Samaki wanunuliwe asubuhi wakiwa wabichi, watiwe chumvi na ndimu, wakaangwe mpaka wakauke ili wafike Dar hawajaharibika. Nazi zifuliwe moja moja. Kisha mama mtu mzima abebe au amlipe mtoto wa jirani abebe mpaka stendi, ambembeleze konda, akae na simu mkononi akisubiri kuambiwa imefika. Pangani ni mji wa bahari na minazi. Hicho ndicho alichonacho, na ndicho anachowapa wajukuu wake. Wewe unapokea, unagawia majirani, kisha unasema anajifanya. Watoto hawajazoea kwa sababu hujawazoesha. Mpikie mkubwa wako wali wa nazi na samaki yule wa bibi yake leo, kesho atauliza kama wamebaki.

Kuhusu sare sina mengi. Picha ilitumwa kwa wote, aliyetoka kundini ni wewe. Nakubali kwamba wifi mmoja angeweza kunyanyua simu, na hilo nawalaumu. Lakini mtu akishajitoa kwa hasira, wenzake huogopa kumfuata wakaambiwa wanamsumbua.

Kwenye hizo laki nane nitasimama na wewe kwanza. Mume anayetuma pesa kwa siri huku ada ya mtoto inadaiwa amekosea, hata kama anakopeleka ni kwa mama yake. Matunzo ya mke na watoto ndiyo yanayotangulia. Dini imesema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imemwekea mume jukumu la kuwatunza. Mwambie hivyo, una haki. Ila jiulize kwa nini safari hii amekuficha. Mwaka juzi alikuja kwako na ukweli, ukageuka ugomvi mpaka akapunguza mbele ya nduguze. Mwanamume akiona kusema kunamletea vita, atanyamaza. Usiri huo ni kosa lake, lakini mmeulea wawili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako imelipita kama halipo. Baba mkwe amefariki. Binti wa Kiislamu akifiwa na baba, na babu mzaa baba hayupo, anayemwoza ni kaka yake. Hukuniambia mumeo ni wa ngapi kuzaliwa, lakini kwa mzigo aliojitwika nadhani ndiye kaka mkubwa. Kama ndivyo, siku hiyo mumeo atakaa mkekani mbele ya shekhe, atashikana mkono na bwana harusi, atatamka kwa kinywa chake kwamba anamwoza mdogo wake kwa mahari yaliyokubaliwa. Mahali pale alitakiwa akae baba yake. Wanaume wote waliozikana na baba yake watakuwa wamemzunguka wanamtazama. Hizo laki nane hakutoa kama sisi tunavyotoa tukiletewa kadi ya mchango. Ametoa kama baba wa bibi harusi.

Basi mke wa baba wa bibi harusi ni nani? Ni wewe. Na wewe umemwambia aende peke yake, au mkaingie asubuhi kama waalikwa na mlale gesti, wakati nyumba ya baba yake ipo na mama yake yumo ndani. Kila atakayempa mkono wa hongera atamuuliza, "Mama watoto yuko wapi?" Atajibu nini? Mimi simshangai kunyamaza. Nashangaa hajasema kitu kibaya.

Tatizo hili si lako peke yako, ndiyo maana naliandika kwa urefu. Harusi za mjini zimetuharibu. Kamati, vikao, kadi ya mmoja na kadi ya wawili, kijana mlangoni anakagua jina lako, mshereheshaji anapiga kelele, unakula, unapigwa picha, saa sita usiku mwenye ukumbi anataka ufunguo wake. Tumezoea kulipia kiti. Ukiipeleka tabia hiyo nyumbani kwa watu, utaona umedharauliwa kila dakika, maana kule hakuna kiti cha kulipia. Jirani huleta sufuria lake kubwa, mwingine mikeka, vijana hupasua kuni na kuchinja, wanawake hukesha wakimenya vitunguu saumu na kuchambua mchele. Wazee walisema shughuli ni watu, na watu wenyewe ndio nyinyi.

Na ndoa zenu mmezifanya za mume, mke, watoto na sebule. Mnataka mwanamume mwenye adabu, anayejali watoto, asiyepiga, asiyelewa, lakini mama aliyemlea akawa hivyo hamtaki hata kuonana naye siku tatu. Siku mtoto akilazwa, au mume akipoteza kazi, mnawapigia nduguze usiku wa manane na mnataka wafike kabla ya alfajiri. Udugu haukai hivyo. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuitikia mwaliko katika haki za Muislamu kwa mwenzake, pamoja na kumtazama mgonjwa na kusindikiza jeneza. Asiyeonekana kwenye furaha asitegemee umati kwenye msiba. Hao rafiki zako wanaokushauri usijipeleke, hakuna hata mmoja anayelala kwenye nyumba yenye kimya kama yako. Ushauri wao ni rahisi kwa sababu hautawagharimu kitu.

Sasa ufanye hivi. Leo jioni, mumeo akishakula, usianze na hotuba wala laki nane. Muulize, "Tunaondoka siku gani?" Mpe nafasi ajibu, hata akichelewa. Suala la ada lisubiri siku mbili tatu mpaka mazungumzo yamerudi, kisha mkae pamoja, mwende shuleni mkaombe kulipa kidogo kidogo. Na mkubaliane kuwa kuanzia sasa pesa ya ukoo inatajwa kabla haijatoka. Ukishaliomba hilo, nawe uwe tayari kuisikia ikitajwa bila kugombana.

Kesho mpigie mama mkwe. Mwamkie vizuri, umuulize nije na nini kutoka Dar. Usishangae akikuagiza bizari nyembamba, hiliki na mdalasini za Kariakoo. Nunua, na uongeze doti ya kanga yake yeye mwenyewe, uichague kwa makini jina lake, lisiwe la kijembe. Sare mpigie wifi yako unayepatana naye zaidi, umwombe kipande. Kama kitambaa kimekwisha, nenda na kanga nzuri, hakuna atakayekufukuza kwenye harusi ya nyumbani kwa mumeo.

Ikiwa nikahi ni Ijumaa, fikeni Jumanne. Lala ndani pamoja na wanawake wenzako, hata kama ni mkekani, chukua chandarua cha watoto. Bibi harusi akisingwa, yaani akisuguliwa mwili, na kupakwa hina, uwe chumbani, mshikie hata bakuli la singo. Watu wa bwana harusi watakapoleta mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, kaa karibu na mkweo, maana mumewe hayupo na siku hiyo atamkumbuka kuliko siku zote. Na ukiona masufuria yamerundikana uani, usingoje kutumwa.

Wifi akikurushia neno, lipite. Wanawake wa Pwani tunasemana, harusi haiishi bila kijembe. Kama litakuwa tusi la kweli, limeze mpaka mrudi, kisha mweleze mumeo mkiwa wawili. Nami uniandikie tena, nitasimama upande wako bila kusitasita. Ila mpaka sasa, katika yote uliyoandika, tusi la mama mkwe sijaliona.

Neno la gesti usilitaje tena mbele ya mumeo. Tiketi kateni mapema, mabasi ya Tanga hujaa, na kutoka Tanga mjini bado mna gari la kupanda mpaka Pangani na watoto wawili na mizigo ya shughuli.