Re: Tigrex hakamatiki kwenye Freedom Unite ya PSP

Mkuu, umesema kwenye mchezo wa Monster Hunter Freedom Unite ulitaka kumkamata Tigrex (yule mnyama mkubwa) akiwa hai, ukamrushia Tranq Bomb (bomu la dawa ya usingizi) nne akiwa ndani ya mtego, akachomoka. Mabomu hayana kosa. Alikuwa bado ana nguvu.

Subiri achechemee. Mnyama akianza kuburuta mguu na kukimbilia eneo jingine, hapo ndipo yuko tayari. Mfuate, mwache alale (usichelewe sana, usingizi humrudishia afya), mtegee Shock Trap (mtego wa umeme) pale pale alipolala, kisha rusha Tranq Bomb mbili. Mbili zinatosha. Unaweza hata kuzirusha kabla hajanasa, ila dawa huisha baada ya muda.

Beba mitego yote miwili, kwa kuwa kila aina unaruhusiwa mmoja tu mfukoni. Pitfall Trap (mtego wa shimo) hutengenezwa kwa Trap Tool (kifaa cha mtego) na Net (wavu). Shock Trap hutengenezwa kwa Trap Tool na jino la Genprey (mnyama mdogo humo mchezoni). Usiwahi kuitumia mitego hii mapema ili tu umpige: kila akinaswa tena, muda wa kushikwa unapungua.

Kushala Daora na Teostra (mazimwi wa kale, Elder Dragon) usihangaike nao, mitego haiwashiki kabisa.