Majitaka Kuwa Moto wa Jikoni: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Maswali yaliyotufikia kuhusu kugeuza samadi, maji ya vyoo na majitaka ya viwandani kuwa bayogesi ni mengi, na baadhi yanafanana. Tumeyachagua haya ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengine pia.

Gesi hii hutoka wapi hasa, na je, kuna kiwanda kilichowahi kuitumia hapa nchini? (Msomaji, Muheza)

Hutengenezwa na bakteria wasiohitaji hewa. Majitaka yenye mabaki ya mimea au wanyama yakifungiwa katika tangi lisilopitisha hewa, bakteria hao huyavunjavunja hatua kwa hatua, na mwishowe hutoa mchanganyiko wa gesi ambao kwa kawaida asilimia 50 hadi 70 ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Methani ndiyo inayowaka.

Mfano hauko mbali nawe. Huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa kwa ushirikiano wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mtambo wa kutumia mabaki ya mkonge kuzalisha umeme, ukiwa na uwezo wa kilowati 150 katika hatua yake ya kwanza. Nyuzi tunazouza ni sehemu ndogo mno ya jani la mkonge, na kwa miongo mingi makapi na maji ya kusindikia yalitupwa tu. Wengi hudhani kwamba majitaka yaliyoachwa bwawani hayana madhara zaidi ya harufu, lakini ukweli ni kwamba hutoa methani ileile, na gesi hiyo ikiachwa ipae bila kuchomwa, kila kilo yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa bandani. Nitapika kwa muda gani? (Msomaji, Rungwe)

Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Ukikusanya kilo 30 kwa siku, utapata karibu lita 1,200, na kwa kuwa jiko la plati moja hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa, unaweza kupika kwa saa tatu au zaidi kidogo. Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo, na mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo. Ng'ombe wangekuwa wa kuchungwa, ungepata kinyesi cha usiku pekee, na hapo nisingekushauri kujenga. Vilevile, kabla ya kumwita fundi, hakikisha una maji ya uhakika kila siku, kwa sababu mitambo mingi hukwama palipo na samadi tele lakini maji ni ya kubeba kichwani kutoka mbali.

Je, choo cha familia ya watu sita kinatosha? (Msomaji, Temeke)

Hapana. Kinyesi cha watu sita hutoa gesi ya kuwasha jiko kwa takriban nusu saa tu. Choo huleta faida pale kinapotumiwa na watu wengi: katika Kibera, Nairobi, shirika la Umande Trust limejenga vyoo vya jamii vyenye majiko ya bayogesi, na nchini Rwanda mitambo ya magereza ilianza katika gereza la Cyangugu mwaka 2001, ikapunguza sana kuni za kupikia. Shule ya bweni ingefaa. Kwa nyumba yako, unganisha choo na banda la mifugo, kama unalo.

Mtambo wangu ulifanya kazi vizuri mwaka mzima. Sasa moto ni hafifu na unazimika. Tatizo ni nini? (Msomaji, Njombe)

Anza na yaliyo rahisi. Pakaza povu la sabuni kwenye viungio vya bomba. Penye mapovu yanayovimba pana uvujaji. Kisha fungua koki ya kutolea maji, kwa maana mvuke hupoa na kujikusanya bombani, na moto unaochezacheza mara nyingi ni dalili ya jambo hilo.

Kama bomba ni zima, tatizo limo tangini. Maji ya sabuni na dawa za kusafishia choo huua bakteria; kadhalika samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu isiingizwe mpaka siku kadhaa zipite. Ukilisha mtambo kupita kiasi, hasa kwa mabaki ya chakula, asidi huongezeka na harufu huwa ya uchachu: acha kulisha kwa siku kadhaa, kisha urudi polepole kwa samadi mbichi. Na usisahau baridi ya Juni na Julai huko kwenu, kwani bakteria hawa hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 30 hadi 37, na chini ya 15 karibu waache kazi kabisa.

Tope linalotoka naweza kuliweka kwenye bustani ya mboga? (Msomaji, Kiambu)

La samadi ya ng'ombe, ndiyo. Ni mbolea nzuri, kwa sababu naitrojeni, kirutubisho cha mimea, haikupotea. La chooni lisiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, kwa kuwa mayai ya minyoo huweza kubaki hai. Liweke kwenye migomba au miti.

Naweza kuendeshea jenereta? (Msomaji, Morogoro)

Inawezekana, lakini mita moja ya ujazo ya gesi hutoa uniti moja na nusu hadi mbili tu za umeme, hivyo familia hufaidika zaidi kwa kupikia. Pitisha gesi kwanza kwenye vumbi la chuma, ili haidrojeni salfaidi iliyomo, ile yenye harufu ya mayai viza, isile injini.

Tangi limejaa mchanga. Naweza kuingia kulisafisha? (Msomaji, Babati)

Usiingie, wala usimruhusu kijana yeyote aingie, hata kama kifuniko kimekuwa wazi tangu jana. Gesi iliyobaki chini humzimisha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka vilevile. Mwite fundi mwenye vifaa vya kupuliza hewa na kamba ya kumvuta aliye ndani, na moto wa aina yoyote, hata sigara, uwe mbali.