Maswali na majibu: Walioacha pombe wanakutana wapi?

Kila Ramadhani naacha mwezi mzima bila taabu. Lakini vunja jungu nakunywa mpaka nazima, na Idi mosi haijamalizika nimesharudi. Mke wangu anataka niende kwenye mikutano ya walevi. Kwani mimi mlevi? (Fundi, Mwanakwerekwe)

Kaka fundi, wangapi wanaacha siku 30 huku wanauhesabu mwezi uandame! Jiulize jengine: ukishatia glasi ya kwanza, unaweza kuiweka chini ukaenda kulala? Mlangoni hakuna atakayekupima. Alcoholics Anonymous (AA), jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ina sharti moja tu la uanachama: uwe unataka kuacha kunywa. Ada hakuna. Nenda kasikilize, uamuzi ni wako.

Nimezunguka mjini sijaona bango hata moja. Nitawapata wapi? (Dereva, Amani)

Bango hutoliona, na afadhali. Unguja hii ukiingia mlango usio wako saa kumi, kabla ya magharibi shangazi yako keshapigiwa simu.

Anzia kwenye soba, nyumba wanazokaa wanaoacha ulevi. Nyumba hizi tumezizoea kuwa za watu wa unga, lakini zinazofuata hatua 12, ule mpango wa AA wa kuacha, huwa na mikutano, wenyewe wanaita mitingi. Piga simu au nenda uulize siku gani wanampokea mtu wa nje. Mlango wa pili ni Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili. Wauguzi wa pale hawashangai kuulizwa. Wala usiwakimbie watu wa unga. Narcotics Anonymous, jumuiya yao iliyo mfano wa AA, inaihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyengine yoyote, na hadithi zao za kumuibia mama hela ya soko utazijua mwenyewe.

Ukifika utakuta watu wamekaa, kila mmoja anajitaja kwa jina moja tu: "Naitwa fulani, mimi ni mraibu." Anasema yake, hakatizwi, hapewi nasaha. Ikifika zamu yako na ulimi mzito, sema "leo nasikiliza", inapita kwa jirani. Yanayosemwa mle yanabaki mle.

Mwezi uliopita mume wangu aliacha ghafla. Siku ya pili akatetemeka, usiku wa tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatuwaoni. Mama mkwe akasema shetani kapanda, tukamfukiza. Akarudi kunywa, akatulia. Sasa anataka kuacha tena. Tumpeleke mitingi? (Mama wa wawili, Jang'ombe)

Dada yangu, hospitali kwanza, mitingi baadaye. Na asiache ghafla tena kabla hajaonana na daktari.

Pombe inaupoza ubongo. Anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake unajikaza kushindana nayo. Ukiiondoa kwa siku moja, ule mkazo unabaki peke yake. Saa sita hivi baada ya glasi ya mwisho huanza mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo, kama alivyofanya mumeo, huangukia siku ya pili mpaka ya nne, na hapo mtu anaweza kufa. Arosto, yaani maumivu ya kuacha, ya unga inatesa sana, lakini kwa nadra huua peke yake. Ya pombe inaua.

Hospitali wana dawa za kumshusha taratibu, kama diazepam, na vitamini B1 ambayo walevi wengi wamepungukiwa. Msijinunulie vidonge dukani. Na tafadhali, daktari akiuliza anakunywa kiasi gani, mtajieni chupa kwa idadi yake. Familia zetu zikifika pale husema "homa tu hii, daktari", na anatibiwa homa. Mama mkwe akitaka kufukiza ubani nyumbani, mwacheni, mradi mgonjwa yuko wodini.

Na wewe usijisahau. Al-Anon, iliyoanza 1951, ni ya jamaa wa walevi, na mikutano yake ipo pia kwenye intaneti.

Hizo hatua zinamtaja Mungu. Si mambo ya kanisa hayo? (Msomaji, Bububu)

Waasisi walitokea kwenye jumuiya ya Kikristo, ni kweli. Lakini hatua ya tatu inasema Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na hakuna anayesomeshwa dini. La fiqhi muulize sheikh wako, mimi si mufti. Mkutano ukigongana na magharibi, sali kwanza.

Mimi mwalimu wa skuli, niko Wete. Boti ya kwenda Unguja kila wiki siimudu. (Mwalimu, Pemba)

Mwalimu, kwenye intaneti mikutano ya Kiingereza haikosi saa yoyote, na unaweza kuzima kamera ukasikiliza tu. Vaa spika za masikioni, nyumba zetu zina masikio.

Lakini kwa mila za AA, walevi wawili watatu wakikaa pamoja kwa ajili ya kuacha, hicho tayari ni kikundi, ilimradi kisiwe tawi la chama au taasisi nyengine. Huhitaji kibali kutoka Marekani. Mwombe daktari unayemwamini amuulize mgonjwa wake mwengine kama angependa kuonana na wewe. Akikubali, tafuteni chumba kisicho barazani, labda darasa baada ya wanafunzi kutoka, mchague siku moja na saa moja, na msiibadilishe hata kama wiki hiyo umekaa peke yako.