Ukinzani wa balbu: hesabu yako iko sawa

Umeuliza kwa nini balbu yako ya volti 12 inayovuta ampea 2 imesoma ukinzani (kiasi inavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu) wa chini ya omu 1 kwenye mita ya kupimia umeme, wakati hesabu inakupa omu 6. Hujakosea. Ukigawanya volti kwa ampea, 12 ÷ 2 = omu 6. Ila omu 6 hizo ni za balbu inayowaka. Wewe uliipima ikiwa imezimwa, na waya wake wa ndani, wa metali ya tungsteni, ukiwa baridi hupitisha umeme kwa urahisi. Ukishapata moto, ukinzani hupanda mara nyingi. Kwa hiyo pima volti na ampea taa ikiwaka, kisha gawanya. Na tafadhali, usipime omu umeme ukiwa unapita, unaweza kuiunguza mita.